Motokaa za Kale na Mwendo wa Barabarani

Katika nchi ya Uingereza iko desturi moja imshangazayo mgeni. Kila mwaka, mwezi wa Septemba, maelfu ya watu hukusanyika mahali paitwapo Goodwood, upande wa kusini wa nchi hiyo, ili kutazama motokaa za zamani zikishindana mbio. Kiwanja cha Goodwood kilifunguliwa mwaka 1948, kikafungwa mwaka 1966 kwa kuwa motokaa za mbio zilikuwa zimezidi mwendo hata mahali pale pakawa si salama tena, kisha kikafunguliwa upya mwaka 1998. Tangu hapo, kwa siku tatu za mwisho wa juma, hushindana humo motokaa za namna zilizokuwapo kabla ya mwaka ule wa kufungwa: Jaguar, MG, Austin-Healey, Lotus na nyinginezo. Hata watazamaji wengi huvaa nguo za miaka ile, kana kwamba saa imerudishwa nyuma.

Mkulima wa Kangema akisimuliwa habari hii yamkini atacheka. Kwake gari la zamani si kitu cha kuvaliwa nguo za sherehe. Ni lile lori dogo linalobeba kabeji na miti ya kujengea, ambalo halijauzwa kwa sababu hapana fedha za kununua jingine. Hata hivyo tajiri wa Goodwood na mkulima wa Kangema wanajua jambo moja kwa pamoja: chombo kizee hakiendi chenyewe. Kinakwenda kwa sababu uko mkono ulioamka mapema kukitazama mafuta, maji, breki na mipira.

Tena Kangema haiko mbali na mambo ya mbio za motokaa kama mtu adhaniavyo. Mbio mashuhuri kupita zote za Afrika Mashariki zilipata jina lake la kwanza kwa sababu ya jambo lililotukia katika nchi ya jirani, Nyeri. Na sheria iliyojulikana kupita zote za kuwazuia madereva wa Kenya wasiende mbio ilitoka katika mkono wa mtu wa Kangema. Yafaa mambo haya mawili yatazamwe pamoja, kwa maana ndani yake limo somo ambalo laweza kuokoa uhai wa watu.

Mwezi wa Februari mwaka 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa mgeni upande wa Nyeri. Alikuwa amelala Treetops, ile nyumba iliyojengwa juu ya mti ili wageni watazame wanyama, naye alipokuwa amerudi Sagana Lodge alipata habari kwamba baba yake, Mfalme George wa 6, amefariki dunia tarehe 6. Hivyo aliondoka Kenya akiwa Malkia. Sherehe ya kumtawaza iliwekwa tarehe 2 Juni 1953, na Wazungu waliokaa Kenya walitafuta namna ya kuiadhimisha.

Siku hizo waliopenda mbio za motokaa walikuwa wakishindana Langa Langa, karibu na Gilgil, wakizunguka njia ile ile mara nyingi. Bwana mmoja, Eric Cecil, aliposhawishiwa na binamu yake Neil Vincent ajiunge na mashindano hayo, alijibu kwamba kuzunguka-zunguka hakumpendezi. Lakini kama yangekuwapo mashindano ya kuingia garini, kufunga mlango na kuivuka nchi hata mbali kisha kurudi, angekuwa tayari kuyaingia. Kutokana na maneno hayo yalizaliwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, yaani safari ya kutawazwa, yaliyofanyika mara ya kwanza mwishoni mwa Mei 1953, katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Haifai kusahau hali ya Kangema siku zile zile. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, na wilaya ya Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, ilikuwa katikati ya vita. Watu wachache walipokuwa wakivuka nchi tatu kwa ajili ya mchezo, mtu wa Kangema hakuweza kwenda apendako bila ruhusa. Kwa hiyo wazee wengi wa vilima vile hawana kumbukumbu yo yote ya mashindano ya mwaka ule. Barabara haikuwa yao. Jambo hili lasemwa hapa kwa kuwa swali la kwamba barabara ni ya nani, na nani apishe nani, halikuisha kwa kupatikana uhuru mwaka 1963. Laonekana hata leo, kila gari moja linapowatupa wenye miguu mtaroni.

Sasa na tutazame kanuni za mashindano yale, maana ndimo lilimo somo lenyewe. Magari yaliyoruhusiwa yalikuwa ya kawaida, kama yauzwavyo dukani, nayo yaligawanywa kwa bei zake wala si kwa ukubwa wa injini. Njiani viliwekwa vituo, na kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufikiwa. Aliyechelewa aliandikiwa alama za kosa kwa kadiri ya dakika alizochelewa, na mwenye alama chache ndiye aliyesifiwa. Basi haikuwa kazi ya kumpita mwenzio kwa kelele na vumbi, bali kazi ya kutopoteza dakika. Mtu aliyekwenda kwa wazimu akavunja ekseli alipoteza yote, hata kama alikuwa wa kwanza kwa nusu ya njia. Katika mwaka ule wa 1953 gari lililopata alama chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen, gari dogo la bei nafuu la Kijerumani, likiendeshwa na Alan Dix na mwenzake Larsen. Magari ya Kiingereza yenye injini kubwa zaidi yaliachwa nyuma.

Wahenga walisema, "Kawia ufike." Mtu aweza kudhani kwamba mithali hii yapingana na mbio, kwa sababu katika mbio kukawia ni kosa. Lakini habari za Safari zaonyesha kwamba wahenga walijua walisemalo. Kwa miaka mingi mashindano yalifanyika siku za Pasaka, wakati ambapo mvua za masika hunyesha, na udongo mwekundu wa milimani huwa kama sabuni. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika 7 vile vile. Na katika miaka hiyo miwili, ambayo ilikuwa migumu kupita mingine, walioshinda ni watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika gari la namna ile ile, Peugeot 404. Bahati haichagui watu wale wale mara mbili. Walijua mahali pa kukaza mwendo na mahali pa kuupunguza, nao walilihurumia gari lao hata likawafikisha.

Magari ya Kiingereza nayo yalipata heshima yake baadaye. Gari la michezo la Kiingereza la miaka ya 1950 lilikuwa zuri kwa kutazama, lakini tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi, na jiwe moja la barabara ya changarawe lingeweza kulipasua sufuria ya mafuta. Waingereza walijifunza. Mwaka 1964 Peter Hughes na Billy Young walishinda kwa Ford Cortina GT. Mwaka 1972 ilishinda Ford Escort RS1600, iliyotayarishwa na mafundi wa Ford wa Boreham katika jimbo la Essex, ikiendeshwa na Hannu Mikkola wa Finland pamoja na Gunnar Palm wa Sweden. Hao ndio wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mara zote zilizotangulia ushindi ulikuwa wa wakazi wa Afrika Mashariki, waliozijua njia, mito na mvua za kwao. Mwaka 1977 Escort ilishinda tena, safari hii RS1800, mikononi mwa Björn Waldegård na Hans Thorszelius, wote wa Sweden.

Katika miaka ambayo mashindano yaliuzunguka Mlima Kenya kwa njia ya Embu, Meru na Nanyuki, watu wa vilima walisimama kandokando ya barabara tangu usiku, wamejifunika mablanketi, wakingoja taa. Gari lilipokwama, wao ndio waliolisukuma. Watoto walijifunza majina ya madereva kabla ya kujifunza majina ya mawaziri. Jina lililopendwa kupita yote lilikuwa la Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, aliyeshinda mara tatu: mwaka 1965, 1974 na 1976. Ushindi wake wa kwanza wafaa kutajwa zaidi, kwa kuwa yeye na ndugu yake Jaswant waliupata kwa gari kuukuu. Ilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na watu wa kampuni katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder aliinunua, akaifungua, akaitengeneza kwa mikono yake, akawashinda waliokuja na magari mapya.

Tena gari la namna hiyo lilikuwa na sifa nyingine ambayo wachache waliitambua. Mwaka 1959 kampuni ya Volvo ilianza kuweka katika magari yake mkanda unaomshika mtu begani na kiunoni, uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin, na PV544 ilikuwa mojawapo ya magari ya kwanza duniani kuuzwa yakiwa nao. Dereva hodari, aliyejua kazi yake kuliko watu wote, hakuona haya kujifunga. Aliyeona haya ni yule asiyejua.

Yakafika mambo ya mwaka 2003. Mwaka ule ilitimia miaka 50 tangu Safari ya kwanza, na kwa kuiadhimisha yalianzishwa mashindano mapya ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ambayo tangu hapo yamekuwa yakirudiwa kila baada ya miaka kadha. Humo zimeonekana tena Escort zile za Kiingereza, pamoja na Datsun, Porsche na nyingine, zikipita katika vumbi la Kenya na Tanzania kwa siku nyingi na maelfu ya kilomita. Mwaka 2007 aliyeshinda alikuwa Björn Waldegård yule yule, katika Escort RS1800, miaka 30 baada ya ushindi wake wa 1977. Na aliyeketi kando yake kumsomea njia alikuwa mwanawe, Mathias. Watu wengi walifurahi kuona mzee akishinda vijana.

Lakini kabla ya kushangilia, ni vema kujua kazi ifanywayo kabla gari kama lile halijawekwa njiani. Fundi hulivua lote mpaka ubaki mwili mtupu. Maungio yake huchomelewa upya. Ndani hufungwa mabomba ya chuma mithili ya mbavu, ili gari likipinduka paa lisiwaangukie waliomo. Springi hubadilishwa, na chini ya injini hufungwa bamba nene la kuzuia mawe. Dereva na mwenzake huvaa kofia ngumu, nao hufungwa kwa mikanda mabegani na viunoni hata hawawezi kuinama. Kisha wakaguzi hulikagua, na lisilofaa hurudishwa. Katika siku zilizofuata za Safari ya zamani, wakati mashindano yalipokuwa bado katika barabara zilizo wazi kwa watu wote, makampuni makubwa yalirusha hata helikopta mbele ya magari yao ili kuonya kama kuna ng'ombe au watu njiani. Na Safari iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwezi wa Juni 2021, huko Naivasha, sehemu za mbio zilifungwa, asipite mtu mwingine.

Kwa hiyo mtazamaji aonapo gari likiruka tuta, ameona robo tu ya jambo. Robo tatu hakuziona: usiku wa fundi, mkanda, ukaguzi, na njia iliyofungwa. Ole wake kijana aigaye ile robo aliyoiona akaziacha zile robo tatu.

Mwaka ule ule 2003, John Michuki, mzaliwa wa Kangema na mbunge wake, alikuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Alitoa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, ambazo watu waliziita Sheria za Michuki mpaka leo. Kila matatu lilitakiwa liwe na kidhibiti mwendo, lisipite kilomita 80 kwa saa. Kila abiria alitakiwa awe na kiti chake na mkanda wake. Matatu yalipigwa mstari wa manjano ubavuni, ukiwa na jina la njia yake, na dereva na kondakta wakavaa sare. Siku za kwanza magari mengi hayakuwa tayari, hayakutoka, na watu walikwenda kazini kwa miguu. Wako walionung'unika kwamba mikanda inachafua shati jeupe. Yasimuliwa pia mazungumzo ya kondakta mmoja na bibi mzee aliyekuwa akienda sokoni.

"Cucu, tafadhali funga mkanda," kondakta alisema.

"Mjukuu wangu," bibi akajibu, "unanifunga kwani mimi ni mbuzi?"

"La, Cucu. Mbuzi hufungwa asitoroke. Wewe unafungwa ufike."

Hesabu ya jambo hili si ngumu, na karani ye yote aweza kuifanya. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Likienda kilomita 120, hupita mita 33. Basi katika sekunde ile moja ambayo dereva anashtuka kabla ya kukanyaga breki, amekwisha kula mita 11 zaidi, nazo zatosha kuwa ndizo tofauti kati ya mtoto aliyevuka na mtoto aliyegongwa. Zaidi ya hayo, mwendo ukiongezeka mara moja na nusu, nguvu ya kugonga haiongezeki mara moja na nusu, bali mara mbili na robo. Ndiyo sababu gari lililopinduka kwa mwendo mdogo huacha majeruhi, na lililopinduka kwa mwendo mkubwa huacha mayatima.

Barabara za Kangema nazo zinataka akili zaidi. Zinapanda kilima na kushuka mtoni, zinapinda kufuata mlima, na asubuhi hujaa ukungu utokao msitu wa Nyandarua. Pembeni mwa kona moja kuna kituo cha kupimia majani ya chai. Baada ya kona ya pili wako watoto wa shule. Baada ya ya tatu mtu anaswaga ng'ombe. Hapana helikopta ya kumwonya dereva. Hapana aliyeifunga njia. Gari lenyewe limebeba watu kumi na wanne ambao hawakuvaa kofia ngumu, wala hawakuandika majina yao kuingia mashindano.

Michuki alifariki dunia mwezi wa Februari 2012. Sheria zake hazikufa siku hiyo, lakini zilikwisha anza kudhoofika, kwa kuwa sheria ni kama motokaa kuukuu: isipotazamwa kila siku, hulegea. Wako madereva wanaomlipa fundi afungue kidhibiti mwendo. Wako wenye magari wanaolijua hilo wakanyamaza, kwa kuwa safari za haraka huleta fedha za haraka. Mikanda mingine imebaki kama kamba zilizokatika. Na bodaboda, ambazo zimejaa vijijini tangu miaka ya 2000 ilipokuwa ikiisha, huwabeba watu watatu bila kofia hata moja. Lakini lawama yote isiwekwe juu ya dereva. Ni mara ngapi abiria mwenyewe hupaza sauti, "Dere, kanyaga, tumechelewa"? Aliyechelewa kuamka anataka dereva amlipie dakika zake kwa uhai wa watu wengine.

Hapo ndipo zile kanuni za mwaka 1953 zinapofaa. Kufika kwa wakati hakutokani na kukimbia, bali na matayarisho. Majani ya chai yaliyochumwa yapaswa kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo yaharibika. Dereva wa lori la majani huijua sheria hiyo kuliko mtu ye yote. Yule aliye mwema huondoka mapema, hutazama breki kabla ya kushuka mtoni, naye hufika Kanyenyaini na mzigo mzima, leo, kesho na mwaka ujao, pasipo kumwumiza mtu. Hapewi kikombe cha fedha, wala picha yake haitiwi gazetini. Lakini kama vituo vingekuwapo njiani na saa za kumhesabia, angekuwa miongoni mwa wale 7 waliofika.

Kijana apendaye motokaa asikatazwe kuzipenda. Na aende Naivasha au popote magari ya zamani yapitapo, asimame mahali palipo salama, atazame. Kisha arudi kwao aulize habari za fundi na mkanda, si habari za mwendo tu. Na abiria, mwanamume kwa mwanamke, anayelipa nauli yake kamili kutoka Kangema hadi Murang'a, ajue kwamba amenunua kiti, mkanda na mwendo wa kiasi. Dereva akizidisha, na aambiwe kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika. Mmoja akianza, wengine humwunga mkono. Wote wakinyamaza, dereva hudhani wameridhika.

Kawia ufike, walisema wahenga. Na afikaye ndiye atakayepanda tena kesho.